Daftari Lilisema Panga la Mbao

Kama gazeti la Ijumaa iliyopita lilifungiwa akara za watu, zile bajia za kunde, kabla hujalisoma, usijali, hukukosa mazuri. Nilifeli hesabu mara mbili, mjomba akanitupia begi barabarani, nikazurura hapa Asaba mpaka nikaangukia kwenye filamu. Nikapewa kazi ya mwendelezo, kuangalia kwamba shoti ya leo inafanana na ya jana. Halafu Monye, jamaa anayeigiza adui, akanizaba kofi mbele ya watu thelathini. Kisa? Nilisimamisha kamera kumwambia kifungo chake cha pili kiko wazi, na jana yake kilikuwa kimefungwa.

Tuliachana nikiwa chini kwenye vumbi, sikio linalia nziii, watu hawana mbavu kwa kucheka.

Oga Dumebi, dairekta wetu, hakunitetea. Alininyooshea kidole tu.

"Uzo, nisikilize vizuri. Kwenye sini yangu kuna mdomo mmoja unaosema kata. Ni huu hapa. Wewe andika, nyamaza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Oga."

Nikajikung'uta. Nikaokota daftari. Moyoni nikasema, Monye, damu yako nitaiona.

Sasa nisikilize. Haya ya leo sijawahi kuyaandika popote.

Pigano la Ikedi na Monye kwenye filamu ni la dakika mbili. Sisi tulilipiga picha siku nne, ndani ya ghorofa ambalo halijaisha, njia ya kwenda Okpanam. Ikedi ndiye shujaa. Monye kamuulia ndugu yake. Wanakutana kwenye jengo, wanauana.

Wewe ukiwa sebuleni kwako unaona Ikedi anarusha ngumi, inatua kwenye shavu la Monye, Monye anakwenda chini. Puu! Umeruka kwenye kiti. Sasa nikuharibie utamu: ngumi ilirushwa Jumanne asubuhi. Shavu liliipokea Jumatano baada ya chakula. Kuanguka ni kwa Alhamisi. Katikati hapo watu wameoga, wamelala, wamekula, na mmoja kanyoa ndevu kwa ujinga wake.

Anayezuia usigundue ni mimi. Mkono upi ulipiga. Damu ilichuruzika shavu gani, ikafika wapi. Shati lilichanika kwapa au bega. Simu yangu ni ya tochi, haina kamera, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwenye daftari. Na daftari langu liliaminiwa. Ukibisha, Oga anasema, "Lete daftari." Likisema kushoto, ni kushoto, hata kama mama yako mzazi aliona kulia.

Mhariri wetu alikuwa Sista Nwaka. Mfupi, miwani minene, sauti ya kufukuzia mbuzi. Alikaa na kompyuta yake nyumba ya ng'ambo, lakini kosa likitokea utamwona anavuka barabara na ndala.

"Nani kahamishia kamera upande wa ngazi?"

"Kuna mwanga mzuri, Sista," mpiga picha akasema.

"Mwanga wa baba yako! Ikedi yuko kushoto, Monye kulia. Ukivuka tu mstari wa katikati yao, Ikedi anatokea kulia. Mtu atadhani jamaa anajipiga mwenyewe! Na wewe Uzo, unahesabu nzi?"

Kamera ikarudi.

Tatizo ni kwamba Ikedi na Monye hawakuwa wanaigiza sana. Waligombana jina la nani litangulie kwenye bango. Tangu Jumanne ngumi moja moja zilikuwa zinatua kweli. Jumatano Ikedi alipeleka kiwiko, kilitakiwa kipite hewani. Hakikupita. Monye akatema kipande cha jino kwenye kiganja, akakitazama, akacheka, akamrukia Ikedi kooni. Tuliwatenganisha watu sita.

Mimi nikaandika: jino la juu kulia, nusu. Asicheke kwenye vipande vya kabla ya hapa.

Ndiyo kazi.

Twende Alhamisi.

Tulikuwa na mapanga mawili. La kwanza la mbao, limepakwa rangi ya fedha. Lilikuwa jepesi, Ikedi akalalamika kwamba anaonekana kama anafukuza mbu, fundi akalitia chuma ndani likawa zito kama la kweli. La pili ndilo la kweli, la shambani, lina makali ya kunyolea. Hilo lilikuwa la shoti moja tu: linaburuzwa kwenye sakafu ya zege, cheche zinaruka, basi, linarudi kwenye mfuko.

Na kulikuwa na sheria. Panga linakaa juu ya pipa, mpini umeelekea nguzo. Mwigizaji halitazami. Anashuka ngazi na hasira zake, macho kwa adui, ananyoosha mkono, analikuta. Akilitazama tu, sini imekufa. Kuhakikisha lililo juu ya pipa ndilo lenyewe ni kazi yangu. Si ya mtu mwingine. Yangu.

Tukapiga ile ya cheche. Ikatoka safi. Nikaweka panga la kweli juu ya pipa, nikitaka kwenda kuchukua la mbao nililokuwa nimeliegemeza kwenye kiti cha Ikedi.

Oga akapiga ukelele.

"Kivuli! Kivuli cha nguzo kiko pale pale kilipokuwa jana! Dakika tano kikihama tumekwisha! Kila mtu mahali pake! Mbio!"

Watu wakakimbia kama wamemwagiwa maji ya moto. Mimi nikafungua daftari. Nilikuwa na tabia ya kuandika kabla, kwa sababu sini ya ngumi ikianza huwezi kuandika na kutazama. Nikaandika: Kipande 71. Ikedi mkono wa kulia. Panga la mbao. Kivuli tofali la tatu.

Niliandika nililotakiwa kulifanya. Nilikuwa sijalifanya.

"Ekshen!"

Ikedi akashuka ngazi anapumua kama ng'ombe. Mkono ukaenda kwenye pipa, hakutazama. Panga likainuka. Jua la dirishani likapita kwenye makali.

Rangi ya fedha haing'ai vile. Nikajua.

Nilikuwa na muda. Watu wanasema mambo haya hutokea ghafla, uongo. Ikedi alikuwa na hatua nne mpaka kwa Monye. Hatua nne ni muda mwingi. Nilifungua mdomo.

Halafu nikamwona Monye. Kifua wazi, mdomo kaupindisha, ana ile sura yake.

Nikaufunga.

Najua utasema niliogopa kofi la pili. Niliogopa, ndiyo. Lakini haikuwa hofu peke yake. Kulikuwa na kitu kingine ndani kinasema, mwache.

Monye aliinua mkono wa kushoto kukinga, kama walivyofundishwa. Mbao ikigonga mkono inasema ko! Hii ilisema chwaa. Nyama ikafunguka kuanzia chini ya kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono, kama mfuko wa unga unapochanwa. Kwanza ilikuwa nyeupe. Halafu ikajaa.

"Limenikata! Jamani, limenikata kweli!"

Watu wakapiga makofi.

Wallahi tena! Makofi! Walidhani leo Monye kaamka vizuri. Oga akamnong'oneza mpiga picha, "Endelea, endelea, usizime." Monye akapiga goti, kashika mkono, damu inatoka katikati ya vidole inaruka. Ikedi naye yumo, hasira zimempanda, akainua panga mara ya pili, likawa juu ya kichwa cha mwenzake.

Damu ikamrukia Ikedi mdomoni.

Damu yetu ya filamu tulipika kwa zobo, ile juisi nyekundu ya rosela, na wanga na sukari. Ni tamu, watu huramba. Ikedi akaramba. Nikaona uso unabadilika. Akaramba tena.

"Ina chumvi," akasema. "Oga, hii ina chumvi."

Panga likamdondoka.

Walimbeba Monye wakamtia kwenye gari la jenereta. Mkono walimfunga na shati lake mwenyewe. Njia nzima ya kutokea kwenye jengo ilikuwa nyekundu, na wapishi wakasimama wanapiga mayowe, "Chineke! Mungu wetu!"

Oga akaokota lile panga. Akapitisha kidole kwenye makali. Kidole kikatoa damu.

"Nani kaweka hili hapa?"

"Uzo. Daftari."

Nikampa. Akasoma kwa sauti.

"Kipande sabini na moja. Ikedi mkono wa kulia. Panga la mbao."

Akageuka. Watu wote wakageuka. Panga la mbao lilikuwa limeegemea kiti cha Ikedi, pale pale nilipoliacha.

"Ikedi," Oga akasema polepole, "la mbao limefikaje kwenye kiti chako?"

"Oga, mimi sijui! Nimechukua kilichokuwa juu ya pipa! Nakuapia kwa kaburi la baba!"

"Daftari linasema ulichokikuta kwenye pipa ni mbao."

"Uzo!" Ikedi akanigeukia. "Uzo kaka, sema basi! Uliweka nini pale?"

Watu thelathini wananitazama. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Nimeandika hapo," nikasema.

Tazama ujanja huo. Sikusema niliweka nini. Nilisema nimeandika.

Ikedi akakaa chini kwenye zege kama mtu aliyekatwa miguu.

Saa tisa ya siku ileile ndugu zake Monye wakaja kutoka Ibusa, watu watatu kwenye pikipiki mbili. Mkubwa wao anaitwa Nwabuoku, mchinja ng'ombe. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ikedi ni yupi?" Mjinga mmoja akaonyesha.

Nwabuoku akaokota ubao wa kumwagia zege, una misumari miwili ncha nje. Akaugeuza misumari ikatazama kwake. Huruma yake ilikuwa hiyo tu. Ubao wa kwanza ulitua mgongoni, Ikedi akaenda mbele. Wa pili mbavuni, nikasikia kitu kinalia kama kuni kavu. Wale wawili wakamshikilia, Nwabuoku akampiga usoni kwa ngumi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, jicho la kulia likafumba kabisa likawa kama tunda.

"Mdogo wangu kashonwa nyuzi arobaini na tatu! Vidole viwili havisikii! Unamkata mtu kwa ajili ya bango?"

"Sikujua, kaka... sikujua..."

"Mkono wako haukujua?"

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Kalamu mkononi.

Oga akaingia katikati, amepiga magoti, kofia kavua.

"Mzee wangu, nakuomba. Kila kitu kiko kwenye kamera. Nipe mpaka Jumatatu nimalize sini, jioni mje muione picha kwa macho yenu. Ikionyesha alikusudia, mchukueni."

Nwabuoku akajifuta mikono kwenye suruali ya Ikedi.

"Jumatatu saa kumi. Ikionyesha alikusudia nampeleka kituoni. Lakini njia ya kituoni inapita machinjioni kwangu." Akamwinamia Ikedi. "Usijaribu kuondoka mjini. Najua mkeo anapouzia."

Ijumaa tulipumzika. Jumamosi na Jumapili sikulala wala sikula. Jumatatu asubuhi Oga akatukusanya.

"Vimebaki vipande kumi na moja. Monye hayupo. Nani ana mabega ya Monye?"

Akatuzungukia kama mnunuzi wa mbuzi. Akasimama mbele yangu.

"Geuka."

Nikageuka.

"Ndiyo haya. Mpeni shati."

"Oga, mimi ni mwendelezo."

"Vizuri. Basi hutakosea."

Nikavaa shati la Monye, lililorudishwa kutoka hospitali. Lilikuwa limekauka, sehemu ni zobo, sehemu si zobo. Mkono wa kushoto wakanipaka jeraha la wanga, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, kwa vipimo vya daftari langu mwenyewe. Kamera ikakaa nyuma yangu. Utaona kisogo, utaona bega, utaona Ikedi mbele yangu anapiga. Na Ikedi alipigwa picha upande wa kushoto tu, kwa sababu upande wa kulia uso haukuwepo.

"Ekshen!"

Ngumi ya kwanza ilikuja tumboni. Haikuwa ya kuigiza. Pumzi yote ikatoka. Akanidaka shingoni, akanivuta, mdomo ukawa karibu na sikio.

"Daftari lako linadanganya, Uzo."

Pa! Mbavu.

"Linadanganya."

Pa! Akanirusha kwenye nguzo, kichwa kikagonga, nikaona nyota mchana kweupe.

"Kata!" Oga akasema. "Tamu sana! Mwendelezo, iko sawa?"

Nilikuwa nimepiga magoti, mate yenye damu yananing'inia. Ningeweza kusema iko sawa. Mpiga picha mwenyewe alikuwa ananikonyeza, sema iko sawa, mjinga wewe.

"Haiko sawa, Oga," nikasema. "Jumatano alipiga tumbo kwa mkono wa kushoto. Leo kapiga kwa kulia."

"Umesikia, Ikedi? Kushoto. Turudie!"

Tukarudia. Mkono wa kushoto wa Ikedi ni mzito kuliko wa kulia, sasa najua.

"Mwendelezo?"

"Haiko sawa, Oga. Jumatano baada ya ngumi Monye aliyumba kwenye ngazi kwanza, ndiyo nguzo."

"Turudie!"

Kurudia kwa nne nikatapika. Kurudia kwa sita jino lilicheza. Watu walianza kuondoka, hawataki kuona. Mpishi mmoja alilia. "Jamani mwacheni mtoto wa watu!" Ikedi mwenyewe alikuwa amechoka, anapiga huku anahema, ubavu wake uliovunjika unamuuma kila akirusha mkono. Na mimi kila Oga akiuliza, namwambia haiko sawa. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka anipige mpaka kitu kitoke.

Hakikutoka. Kurudia kwa nane ikawa sawa.

Ikedi akaniinua mwenyewe. Akaniegemeza kwenye mifuko ya saruji, akakaa pembeni yangu, jicho moja.

"Samahani, Uzo."

Akanifuta damu mdomoni.

"Unajua usiku nawaza nini? Nilimchukia kweli yule. Nilimchukia mpaka naota. Daftari lako halijawahi kukosea hata kifungo. Sasa nawaza, labda ni mimi. Labda nilibadilisha mapanga, halafu kichwa kikakataa kukumbuka. Inawezekana, eh? Mtu anaweza kufanya kitu asijue?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kusema. Mahali palikuwa wazi kama mlango wa kanisa.

"Sijui, kaka," nikasema.

Saa tisa Sista Nwaka akaniita chumbani kwake. Nikavuka barabara najikokota. Feni, kompyuta, harufu ya samaki wa kukaanga.

"Kaa. Ona nilivyokufanya."

Akabonyeza. Monye anainua mkono wa kulia, uso wake, jino lake nusu. Mkono unashuka, na sasa ni kisogo changu, bega langu. Sikuona mshono. Mimi mwenyewe, niliyepigwa zile ngumi, sikuona tulipobadilishana.

"Mkono unapanda ni Monye," akasema. "Unashuka ni wewe. Nimekata katikati ya mwendo. Jicho la mtu linaukimbiza mkono, halipati nafasi ya kuuliza mwenye mkono ni nani. Mmekuwa mtu mmoja."

"Umeweza, Sista."

"Naam. Sasa tazama sabini na moja."

Akabonyeza tena.

Ikedi anashuka ngazi. Mkono kwenye pipa. Panga linapanda.

"Umeona nini?"

"Ikedi."

"Kila mtu atamwona Ikedi. Mimi nalipwa kutazama pembeni." Akarudisha. "Usimtazame Ikedi. Tazama kona ya chini, nyuma ya nguzo."

Kulikuwa na nusu uso pale. Jicho moja, nusu mdomo, kona ya daftari. Mpiga picha alinikamata bila kujua. Jicho likaenda kwenye panga, likasimama hapo. Mdomo ukafunguka. Sista akapeleka picha moja moja, tik, tik, tik. Mdomo ukakaa wazi muda mrefu sana. Halafu ukafungwa.

"Nimeirudia mara thelathini tangu jana," Sista Nwaka akasema. "Nilitaka nione kama ulikuwa unapiga chafya."

Akakigeuza kiti kunielekea.

"Hukuwa unapiga chafya."

"Hapana, Sista."

"Uliliacha panga la kweli kwenye pipa."

"Nilisahau. Oga alipiga kelele za kivuli."

"Kusahau nakusamehe. Hiki cha pili hapa?" Akagusa kioo, kwenye mdomo wangu. "Hiki nacho ulisahau?"

Akaitazama saa ya ukutani.

"Wanakuja saa kumi. Hii ndiyo shoti pekee yenye lile pigo, siwezi kuitupa. Naweza kuivuta picha ije karibu kidogo, kona ikatoka nje, ukatoka nayo. Au niiache ilivyo. Nyie wanaume mmenichosha, chagua mwenyewe. Nifanyeje?"

Nilifikiria ubao wa Nwabuoku. Nilifikiria machinjio. Nilimfikiria Ikedi pia, msidhani sikumfikiria.

"Vuta," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani.

"Sawa."

Saa kumi kamili wakaingia. Oga mbele. Nwabuoku. Monye, mkono umefungwa shingoni, amekonda siku nne kama mwezi. Mwisho Ikedi, katikati ya wale ndugu wawili, mikono wamemfunga kwa mkanda. Chumba kikajaa jasho.

"Onyesha," Nwabuoku akasema.

Sista Nwaka akabonyeza.

Ikedi anashuka ngazi. Picha ilikuwa karibu zaidi, uso wake umejaa. Kona haikuwepo. Mimi sikuwepo. Panga, mkono, ile chwaa. Monye kwenye kiti akafumba macho.

"Rudia."

Tukaitazama tena.

"Mtazame uso," Nwabuoku akasema. "Mtazame! Huyo ni mtu anayeua."

"Mzee, anaigiza hasira," Oga akasema. "Ndiyo kazi yake."

"Angeigiza hasira kwa mbao! Daftari linasema mbao, kiti chake kina mbao, mkononi ana chuma. Nani alibadilisha, mizimu?"

"Labda ni mimi," Ikedi akasema.

Wote tukamgeukia. Alikuwa anaitazama skrini, machozi yanatoka kwenye lile jicho zima.

"Nikijiona pale, hata mimi namwogopa yule. Labda ni mimi. Nipelekeni, basi. Ila mke wangu msimguse."

Nwabuoku akamshika ukosi, akamvuta mlangoni. Kichwa cha Ikedi kikagonga fremu, hakujitetea.

"Sista," nikasikia mtu anasema, "weka ile nyingine."

Alikuwa ni mimi.

Nwabuoku akasimama. "Nyingine ipi?"

"Ile ambayo mimi nimo. Kabla haijavutwa. Sista, iweke."

Sista Nwaka akavua miwani. Akaifuta kwa kanga yake, taratibu, kioo kimoja, kingine.

"Hakuna nyingine."

"Sista! Tumeiona pamoja saa tisa!"

"Uliniambia nivute. Nikavuta. Nikafuta ya kwanza. Hukuniambia niweke akiba."

Nikaropoka yote, kama nilivyokuropokea wewe. Pipa, cheche, kivuli, mbao kwenye kiti cha Ikedi. Mdomo. Nilifungua, nikafunga.

Oga akacheka, kicheko cha pembeni.

"Mzee, usimsikilize. Leo kapigwa kichwa kwenye nguzo mara nane. Anamwonea huruma mwenzake." Akalitupa daftari mezani. "Uzo, mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Uliandika uongo siku ile, au unasema uongo leo?"

"Siku ile, Oga! Siku ile!"

"Thibitisha."

Kazi yangu yote ni kuthibitisha, na sikuwa na kitu.

Hapo ndipo Monye akainuka.

Akasogea mpaka mbele yangu, ananuka dawa ya hospitali. Nikajua kofi linakuja. Nikatoa shavu.

"Hasemi uongo," Monye akasema.

Nwabuoku akamkodolea. "Unajuaje?"

"Ikedi alikuwa anakuja mbele yangu. Nyuma ya bega lake nilikuwa namwona huyu. Nilimwona anafungua mdomo. Nilimwona anaufunga." Akameza mate. "Sikujua kwa nini, mpaka panga lilipofika."

"Tangu Alhamisi ulikuwa unajua?"

"Tangu Alhamisi."

"Nikampiga mtu ubavu nikauvunja, wewe umelala kitandani unajua?"

Monye akamtazama Ikedi, akainua bega la mkono uliobaki mzima.

"Si alitaka jina lake litangulie," akasema.

Nwabuoku akautazama mkono wake ulioshika ukosi, kama vile si wake. Akauachia. Halafu, bila haraka, akafungua mkanda kwenye mikono ya Ikedi, akarudi nyuma hatua moja, akawaashiria wale wawili wasogee ukutani. Sista Nwaka akakumbatia kompyuta yake.

Ikedi akasugua vifundo vya mikono. Akanitazama mimi. Akamtazama Monye. Akanitazama mimi tena, kwa lile jicho moja, anapima aanze na nani.

Nwabuoku akaenda mwenyewe kufunga mlango.